Mwaka Kafuri Ilipotolewa Nyumbani

Wanaume wa rika langu wakisimulia mwaka wa vita huanza na bunduki, nani alipita wapi, nani alikamatwa, jumbe gani aliuza wenzake. Siwazuii. Mimi vita ile niliisikia nikiwa nimelala chali nyuma ya pazia, na kilichonibakia ni harufu, au tuseme kukosekana kwa harufu. Nisingeandika neno lolote la habari hizi kama Fatuma asingekuja Lindi mwezi uliopita. Fatuma ni binti wa dada yangu Hadija. Alichukuliwa na watu wa baba yake akiwa bado wa kubebwa mgongoni, akakulia Kilwa Kivinje, akaolewa huko na kuzaa huko, na miaka yote hiyo tulikuwa tukiletewa salamu tu. Sasa alikuja mwenyewe, mtu mzima mwenye wajukuu, akapiga hodi, akanishikia miguu, shikamoo mama mdogo, nami nikashindwa kusema marahaba kwa sababu sura ilikuwa ya Hadija mtupu, mpaka ule mwanya wa meno ya mbele. Nilimpa maji, nikampa wali na papa wa nazi, nikamuuliza habari za njia na za watu ambao hata siwajui, yote hayo ili asiseme alilolijia. Akala kwa adabu, akanawa, akakunja baibui lake magotini. Akasema, “Kilwa wanasema mama yangu alizikwa bila kafuri. Bibi yangu alinitupia neno hilo kila nilipomuudhi. Nimekuja kuuliza kama ni kweli.”

Kwa asiyejua mila zetu, maiti kwetu huoshwa kwa maji ya mkunazi, na maji ya mwisho hutiwa kafuri. Si faradhi. Mwalimu yeyote atakwambia ni sunna, na aliyeikosa kwa dharura hana lawama mbele ya Mungu. Lakini watu si Mungu, na watu hukumbuka. Na aibu ya Hadija ilikuwa na mkia, maana alifia katika nyumba ya mwosha maiti. Nikamwambia Fatuma ni kweli. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia avue baibui alitundike, kwa sababu jibu lenyewe halimaliziki kwa kikao kimoja. Akakaa siku kadhaa, na niliyomweleza ndiyo haya, isipokuwa nimeondoa machozi, ambayo yalikuwa mengi na hayana faida kwa msomaji.

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, ya udongo na makuti, ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na ua wenye mkomamanga mmoja uliokuwa ukizaa matunda madogo makali. Ilikuwa ya shangazi yetu, Binti Saidi, aliyetulea mimi na Hadija. Yeye ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake na watoto mjini. Mtu akisikia hivyo hudhani ndani mwetu mlikuwa na huzuni, kumbe shangazi alikuwa mcheshi kupita kiasi, mwenye ulimi wa wembe, na akirudi kutoka kuosha alituigizia jinsi wifi fulani alivyolia huku anakagua makasha ya marehemu, mpaka tunacheka na huku tunaona haya. Chumbani kwake palikuwa na sanduku la sanda, pamba, udi, maji ya mawaridi, na kafuri iliyofungwa katika kitambaa. Kafuri ile ilinukia nyumba nzima. Ilikuwa katika mito yetu, katika kanga na kaniki, na chuoni, tulikosomea Kurani, wenzangu walinitania kuwa mume wangu atadhani kalala na jeneza. Mimi mwenyewe nilikuwa siisikii tena.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa kuchumbiwa. Hadija alikuwa amekuja kwa shangazi kujifungua, na akabaki hapo kwa sababu mumewe, kijana wa Kilwa, alikamatwa na watu wa boma akatwishwa risasi kuzipeleka bara, na hakuna aliyeweza kutuambia kama yu hai. Huko bara watu walikuwa wamekunywa maji ya dawa, yale yaliyosemwa kuwa hugeuza risasi, na kila siku waliingia mjini waliokimbia, mikeka kichwani na watoto mgongoni, wakalala barazani mwa watu na kuchota visima vyetu hata vikawa matope. Haikupita muda tumbo la damu likaingia mjini. Boma lilikuwa na daktari wake, lakini pale pale uwanjani palikuwa na mti wa kunyongea, na kuupita ndiyo ilikuwa njia ya kwenda kwa daktari. Shangazi alisema haendi kutafuta uzima mahali wanapopima watu shingo. Ugonjwa ukanishika mimi kwanza. Hadija akaniuguza, ukamshika na yeye, na shangazi akatulaza chumba kimoja, kitanda hiki na kile, kaniki imetundikwa katikati ili kila mtu apate kujisitiri. Mtoto Fatuma akapelekwa mtaa wa pili kwa mwanamke aliyekuwa akinyonyesha, asije akaupata.

Ndipo alipoingia Mama Punje. Jina lake la kwao sikulijua kamwe. Alikuwa mke wa Mjerumani mwenye shamba la pamba upande wa Mingoyo, na vita iliposogea mumewe alimleta mjini akamweka katika ghorofa ya mfanyabiashara mmoja, jirani nasi, kisha akarudi kulinda pamba yake. Mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mikono mikavu na Kiswahili cha kuamrishia vibarua, ambacho alikisema kwa upole mpaka kikageuka maneno mengine. Alipita nyumba kwa nyumba na kisanduku chenye vichupa vingi vidogo, na katika kila kichupa mlikuwa na punje nyeupe, ndogo kuliko mtama, tamu kama sukari. Nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa amepiga magoti kwenye sakafu yetu ya udongo, gauni lake jeupe likichafuka, ananiuliza kama maumivu yako kulia au kushoto, kama naota ndoto, kama napenda dirisha liwe wazi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza maswali mengi kiasi kile kuhusu mimi mwenyewe. Nilimpenda, na sioni sababu ya kuficha.

Shangazi naye alimuuliza yake, hodari kama alivyokuwa. Dawa hizi ni za nini, na mbona punje zote zinafanana? Mama Punje akaeleza kwamba tone moja la dawa hutiwa katika maji mengi na kutikiswa, kisha tone la maji hayo hutiwa katika maji mengine, na hivyo hivyo, mpaka dawa yenyewe haionekani wala haionjeki, na kadiri inavyopotea ndivyo inavyozidi nguvu. Shangazi akasema, “Basi bibi, bahari yote hii ni dawa, maana hakuna ambacho hakijadondoka humo.” Mama Punje hakucheka wala hakukasirika. Alisema kwamba uzuri wake ni huo, haina madhara, hata kitoto cha jana haiwezi kukidhuru. Na mtu aliyeshikwa na hofu, akitajiwa dawa isiyoweza kudhuru, hushika mkono wa anayeitoa.

Lakini kilichomvuta shangazi hasa ni miiko. Dawa isiyo na mwiko asingeiamini hata ingetoka Maka. Mama Punje alitoa miiko mitatu. Kwanza, punje zisiguswe kwa mkono, zimiminwe kwenye karatasi na kutoka karatasini zitue ulimini, na asubuhi na jioni mgonjwa asile wala asinywe kitu karibu nazo. Pili, nyumbani kusiwe na chochote kinachonukia kwa nguvu, iwe kahawa, karafuu, tangawizi, udi, au kafuri, na hasa kafuri, kwa sababu harufu yake huua dawa ndani ya kichupa na ndani ya mtu. Wala dawa nyingine isichanganywe nayo. Na tatu, alisema akitutazama sisi wagonjwa kwa macho ya huruma, ugonjwa kwanza utazidi. Tusiogope. Kuzidi huko ndiyo dalili kwamba dawa imeshika. Alipoondoka nilimsikia shangazi ukumbini akimwambia jirani, “Wa bara wana maji yao, Wajerumani wana punje zao, mimi nina kafuri, na inayotakiwa kuondoka ni ya kwangu.” Jirani akacheka. Shangazi hakucheka, na siku ile ile alibeba sanduku lake kichwani akalitoa nyumbani.

Kafuri yote aliigawa kwa waliokuwa na maiti, na siku zile hawakukosekana. Kisha akafua. Alifua mito, akafua mapazia, akasugua kuta kwa majivu, akatuogesha na kutufuta mpaka ngozi zikawasha. Hata muuza kahawa aliyekuwa akipita mtaani akigonga vikombe vyake alisimamishwa kwenye pembe na kuambiwa azungukie upande wa pili, na mzee wa watu akatii. Nyumba ikawa haina harufu. Nililala pale nikajiona nimehamishwa, siijui dari wala siujui mlango, na usingizi ulinikataa kwa sababu ya hewa tupu ile. Nimeishi nyumba nyingi baada ya hapo, na mpaka leo nikiingia mahali pasipo na harufu yoyote, mwili wangu husisimka na kutaka kutoka nje.

Na mwosha maiti asiyeshika kafuri hawezi kuosha maiti. Watu walikuja kupiga hodi, Binti Saidi, tumefikwa, nasi tukamsikia akijibu kutoka ukumbini kuwa hawezi, ana wagonjwa, akienda atairudisha harufu katika nguo. Mji mzima ulikuwa unakufa na yeye ameketi kwenye kigoda anaangalia mikono yake. Mmoja wa waliokuja alikuwa Abiti Chande, Mmwera aliyekimbia vita na kulala na mwanawe kwenye baraza ya nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mtoto alikuwa amekufa. Hakuwa na ndugu mjini, wala hakujua watu wa pwani wanafanyaje. Nilimsikia akisema taratibu kwamba mumewe alikunywa maji, akapigwa risasi, na waliompa maji walipoulizwa walisema aligeuka nyuma akavunja mwiko. “Mwanangu huyu hakugeuka popote, mama,” alisema. “Hakuwa ameanza kutembea.” Shangazi akamtajia mwanamke mwingine wa mtaa wa juu ambaye angeweza kumwosha, akafunga mlango. Hadija, upande wake wa pazia, alisema kwa sauti ndogo kwamba haya yote yanafanywa kwa ajili yetu, kwa hiyo lazima tupone.

Sasa nifike kwenye lile ambalo limenikalia kifuani miaka yote. Baada ya siku chache za punje, Hadija alizidiwa. Alikuwa akienda chooni, akawa haendi tena, anawekewa chungu. Damu ilizidi, macho yakaingia ndani, midomo ikapasuka. Mimi nilibaki kama nilivyokuwa. Na nyumba yetu ikaingia furaha. Ndiyo, furaha, sikosei neno. Imemshika! Mama Punje alimshika Hadija mkono akasema vizuri, vizuri sana, na machozi yakamlengalenga. Shangazi alichinja jogoo aliyebaki, akapika wali wa nazi akawagawia majirani kwa shukrani, nao walipita mlangoni kumpa Hadija hongera. Hadija aliwajibu huku amejikunja kwa maumivu, anatabasamu. Kila alipougulia, shangazi alisema alhamdulillahi. Mimi nilitazamwa kwa huruma. Maskini Somoe, yake haijashika. Nilimwonea dada yangu wivu kwa jinsi alivyokuwa akiumwa, nikawa nalikaza tumbo langu ili nami liniume, niwafurahishe.

Na kwa kuwa yangu haikushika, ikaonekana hakuna kitu cha kuharibu. Hadija alilindwa kama yai. Hakupewa kitu kinywani ila punje na maji kidogo ya kulowanisha ulimi, kwa kuwa shangazi hakujua ni kipi kingeikata dawa iliyokwisha kushika, akaona heri asimpe chochote. Mimi nililegezewa. Shangazi alichemsha maganda ya komamanga ya pale uani, maji machungu ya kukunja uso, akaninywesha, kisha uji mwepesi wa mchele wenye chumvi, bakuli baada ya bakuli, na Mama Punje akija, shangazi aliyaficha mabakuli chini ya kitanda. Ndivyo alivyokuwa akiwatibu watu wa tumbo tangu ujana wake. Alinipa hayo kama mtu anayemlisha asiye na tumaini jingine. Hadija alisikia harufu ya uji akaniuliza kama ni mtamu. Nilimwambia hauna ladha. Alitaka kidogo, shangazi akamwambia avumilie, mwenzake hana bahati kama yake.

Nimewahi kuwasikia watu wazima wenye elimu, hata siku hizi, wakibishana kama dawa fulani ina madhara au haina, na wakiona haina huridhika. Mimi husema nao moyoni. Punje zile hazikuwa na madhara. Mama Punje hakusema uongo. Nilizilamba mwenyewe, na ningeweza kula kichupa kizima nisipate hata kichefuchefu. Kilichomkausha dada yangu ni kile kilichoondolewa ili punje zipate nafasi, na yale maneno kwamba kuumwa ni kupona. Mtu anayezama huonekana anazama, watu wakaruka majini. Hadija alizama mbele yetu huku tunampigia vigelegele. Nina hasira na jambo hilo mpaka leo, na sina pa kuipeleka hasira yenyewe, kwa sababu nikimtafuta mtu mbaya katika nyumba ile simwoni.

Asubuhi aliyokufa, mimi niliketi kitandani bila kushikwa nikaomba chakula. Mama Punje aliingia na kisanduku chake akanikuta hivyo. Alifurahi mno. Alimwambia shangazi kuwa yangu ilikuwa ikienda polepole na sasa imeshika, tena hii ndiyo saa ya hatari zaidi, kitu chochote kikiingia sasa kitaivunja na ugonjwa utarudi kwa nguvu maradufu. Alikuwa bado anasema hayo alipopita upande wa pili wa kaniki. Nikamsikia akinyamaza. Nikasikia kichupa kikianguka na punje zikitawanyika sakafuni. Shangazi aliita jina la Hadija, akaliita tena, kisha akaanza kumsomea. Jua lilikuwa halijafika katikati ya ua alipokata roho. Mama Punje alilia kama aliyefiwa na wake, na baadaye nilisikia kwamba kweli alikuwa amewahi kuzika mtoto kule shambani, naye alimpa punje hizo hizo. Lakini katikati ya kilio alisimama akaanza kunusa. Alinusa ukumbini, akanusa jikoni, akanusa mlango wa nje. Nani aliwasha udi? Nani alikunywa kahawa? Kuna kitu kimeingia. Nilipomsikia nilimkumbuka mume wa Abiti Chande aliyeambiwa aligeuka nyuma, nikapata baridi ambayo haikuwa ya homa. Mwishowe ikakubaliwa kwamba yule muuza kahawa alipita. Mzee wa watu alikana kwa viapo, na hata hivyo mwenyewe aliuacha mtaa wetu kwa miaka.

Wa kuosha akawa shangazi, nani mwingine? Wanawake waliokuja walikuwa wachache, maana wengi alikuwa amewakatalia maiti zao. Walimweka Hadija chumba cha pili, ukuta mmoja na mimi, na kwa kuwa ukuta haukufika kwenye makuti nilisikia maji yakimiminwa na majani ya mkunazi yakipondwa. Nikasikia hodi. Alikuwa Abiti Chande. Niliogopa, nikadhani amekuja kusema lake, na angekuwa na haki. Hakusema lake. Alimwambia shangazi kuwa alipozikiwa mwanawe majirani walimchangia kafuri, mtoto alikuwa mdogo haikuisha, na amesikia hapa hamna hata chembe wala dukani haipo tena. Amekileta kipande kilichobaki.

Mimi nilikuwa nimeshika kitanda kwa mikono miwili. Niliisikia harufu yenyewe, nyembamba, ikivuka juu ya ukuta, na moyo wangu wote ukaitaka, kwa sababu ilikuwa harufu ya nyumbani.

“Irudishe,” shangazi alisema. “Ipeleke nje, haraka.”

Abiti Chande akasema, “Ni kwa ajili yake, mama. Si deni.”

“Najua ni kwa ajili yake. Lakini huyu amekwisha kwenda. Aliye hai yumo humo ndani, na ameketi leo kwa mara ya kwanza.”

“Unaziamini hizo punje bado?”

“Siziamini,” shangazi alisema, na sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo kabla wala baada. “Naziogopa. Sijui kilichomwinua ni uji wangu au ni zile. Sijui. Nikikosea, nitaosha wa pili kesho.”

Abiti Chande akatoka. Nilidhani amekwenda zake, kumbe aliipeleka ile kafuri mbali, akanawa mikono kwa mchanga na maji mpaka viwiko, akarudi akamshika Hadija miguu, wakamwosha pamoja mpaka mwisho. Maji ya mwisho yalikuwa maji matupu. Mwalimu wa mtaa alisema hapana kosa. Shangazi alimwitikia mwalimu, akamfunga Hadija sanda, na baada ya mazishi akaziokota zile punje zilizomwagika sakafuni moja moja kwa ncha ya karatasi, bila kuzigusa kwa mkono, akanipa. Nilizila. Nilikuwa nimekwisha pona, bali ni nani angethubutu kusema?

Mama Punje aliondoka mjini pamoja na mumewe kabla ya vita kwisha, na hatukusikia habari zake tena. Watu wa Kilwa wakaja na habari kuwa mume wa Hadija alifia njiani na mzigo kichwani, wakamchukua mtoto wao. Njaa iliyofuata ikaua wengi kuliko risasi, na shangazi akarudia kazi yake, akaosha maiti za njaa zisizo na uzito mikononi. Aliirudisha kafuri nyumbani, nyumba ikanukia kama zamani. Utani wake ulirudi pia, isipokuwa hakutuigizia tena waliofiwa. Habari ya siku ile hatukuitaja, mimi na yeye, mpaka alipofariki. Nilimwosha mimi. Nilimtilia kafuri nyingi mno, hata wenzangu wakaniambia Somoe basi, inatosha.

Hayo ndiyo niliyomwambia Fatuma. Nilidhani atanichukia, maana mama yake alikosa kafuri ili mimi niishi, na ukitazama vizuri alikosa na uji pia. Nilimwambia hivyo wazi wazi, kwamba kama anataka kunichukia sitamlaumu. Alitikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi. Hakuniuliza tena juu ya kafuri. Alikaa akivuta uzi wa mkeka wangu, kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, wala shangazi, wala walimu, wala waume niliowapata.

“Mama alijua kuwa anakufa?”

Nilitaka kumwambia ndiyo. Nilitaka kumwambia alitamka shahada, akausia, akamwombea mwanawe dua, kama watu wanavyopenda kusikia. Lakini mtoto wa watu ametoka Kilwa kutafuta kweli, nikampa. Alfajiri ile Hadija aliivuta kaniki kwa vidole. Jasho lilikuwa likimtiririka, uso umebaki mifupa, na macho yake yalikuwa yanacheka. Aliniambia, “Somoe, leo inaniuma kuliko siku zote. Mwambie shangazi afue nguo za Fatuma. Nikiinuka hapa nakwenda kumchukua.” Nimelichukia tabasamu lile maisha yangu yote, kwa sababu alidanganywa, akafa amedanganywa, na sisi ndio tuliomsaidia kudanganyika.

Fatuma alinitaka nirudie. Nikarudia, neno kwa neno. Akaufunika uso kwa upande wa kanga, na mabega yake yalitikisika kwa muda, halafu yakatulia. Alipoifunua kanga alikuwa mtu mwingine, mdogo zaidi.

“Kwa hiyo alikuwa anakuja,” alisema.

“Alikuwa anakuja, mwanangu.”